Maradona: Kisu kilipunguza tumbo, vita ikabaki kichwani

UKIMTAJA Diego Maradona kijiweni, ubishi hauchelewi kuanza. Kuna wa bao la mkono, kuna wa lile la kuwalamba chenga Waingereza kuanzia katikati ya uwanja, yote mawili yakifungwa siku moja, Juni 22, 1986, kwenye Uwanja wa Azteca kule Mexico. Wengine watakwambia habari za Napoli, alivyoikuta haina hata ubingwa mmoja wa Ligi Kuu Italia na kuiachia miwili, wa 1987 na wa 1990.

Lakini ipo mechi moja ya Maradona ambayo vijiwe vingi haviizungumzii. Haikuchezwa uwanjani. Ilianza Machi 2005 kwenye meza ya upasuaji katika mji wa Cartagena, Colombia, alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na haikuisha mpaka siku aliyofariki dunia.

Mechi hiyo inatuhusu. Upasuaji wa aina hii siku hizi haumtaki mtu apande ndege. Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, ikiwamo kuweka puto tumboni. Mashabiki wenye vitambi, maveterani waliotundika daluga na mwili ukawakimbia, wote wanaulizia. Na wengi wanauliza swali moja tu: nitapungua kilo ngapi?

Swali la pili, nitaishije baada ya hapo, huwa linasahaulika. Ndilo lililomsumbua Maradona.

KILO 120 KWA MTU WA SENTIMETA 165

Maradona alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani Oktoba 1997 akiwa na Boca Juniors. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Januari 2000 alilazwa Punta del Este, Uruguay, kwa tatizo la moyo lililohusishwa na kokeini. Akaenda Cuba kutibiwa uraibu. Aprili 2004 akakimbizwa hospitali Buenos Aires, moyo na mapafu vikiwa vimeelemewa, akawekewa mashine ya kupumulia. Mashabiki walikesha nje ya hospitali wakimuombea.

Alipofika Cartagena mwaka uliofuata alikuwa na miaka 44 na takribani kilo 120. Urefu wake ni sentimeta 165 tu.

Madaktari wana hesabu yao ya kupima jambo hili. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima akipata kati ya 18.5 na 25 yuko salama. Akifika 30 huo ni unene uliopitiliza. Kwa miaka mingi, mtu aliyefikisha 40, au 35 akiwa pia na maradhi kama kisukari au presha, ndiye aliyehesabiwa kuwa anafaa kufanyiwa upasuaji. Piga hesabu ya Maradona: inakuja 44.

Kwa hiyo isionekane alikwenda kujipamba. Kwa mtu ambaye moyo ulishagoma mara mbili, uzito ule ulikuwa hatari ya maisha.

MADAKTARI WALIFANYA NINI?

Upasuaji aliofanyiwa unaitwa baipasi ya tumbo. Jina linafanana na barabara ya mchepuko, na kazi yake ni hiyohiyo.

Kwanza, daktari anatenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula na kuifunga kwa pini maalumu. Kifuko kinachobaki kina ujazo wa mililita 30 hivi, hakizidi yai la kuku. Kisha anakata utumbo mwembamba na kuuleta juu kuunganishwa na kifuko hicho. Chakula sasa kinapita njia ya mchepuko, kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo, mahali ambapo mwili ulizoea kufyonza virutubisho vingi.

Aina nyingine inayofanyika sana duniani ni ile ya kukata na kuondoa kabisa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 80, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Hapo utumbo hauguswi. Puto lenyewe si upasuaji: linaingizwa kupitia mdomoni, linajazwa, linakaa tumboni miezi kadhaa likichukua nafasi ya chakula, halafu linatolewa.

Kinachofanya baipasi iwe na nguvu si udogo wa tumbo peke yake. Homoni za njaa na shibe nazo zinabadilika. Mtu aliyekuwa anaamka usiku kutafuta kiporo anaweza kujikuta hana hamu ya kula. Wapo wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao inaanza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla kilo hazijapungua.

Na hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Aliyekuwa anameza dawa za kisukari au presha akiendelea na kipimo kilekile, anaweza kuanguka kwa sukari au presha kushuka mno. Daktari lazima apange dozi upya, na si mgonjwa kujipangia.

UJI, SUPU NA VIKOMBE VIDOGO

Daktari wa Maradona alisema mteja wake angekula vyakula vya majimaji kwa miezi mitatu. Fikiria mtu aliyekulia Argentina, nchi ya nyama choma, anaambiwa nyama baadaye.

Utaratibu unatofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali, lakini ngazi ni zilezile. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, kwa kunywa kidogokidogo. Halafu vinafuata vinywaji vizito zaidi kama maziwa, mtindi na uji mwepesi. Baada ya hapo vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini kama yai, samaki na maharage yaliyoiva vizuri. Chakula cha kawaida kinarudi taratibu, kwa wengi baada ya wiki sita mpaka nane.

Kinarudi, lakini ulaji wake si ule wa zamani. Kijiko kinakuwa kidogo, kutafuna kunachukua muda, na sahani ya kisosi inatosha. Protini inatangulia: yai, samaki, kuku, dagaa, maharage. Wataalamu wengi hutaka mtu apate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, kwa sababu bila hiyo mwili unakula misuli yake wenyewe.

Vyakula vinavyonata au vigumu kama mkate laini, tonge kubwa la ugali na nyama yenye nyuzi vinaweza kukwama. Aliyekwamiwa anajua: kifua kinabana, mate yanajaa, mwisho anatapika.

Maji nayo yana sheria zake. Mtu anahitaji lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, lakini si pamoja na chakula. Unakula, unasubiri kama nusu saa, ndipo unakunywa. Soda, mwenzetu kipenzi pale jukwaani, inawekwa kando. Gesi inajaza kifuko, sukari inaleta balaa jingine.

Balaa lenyewe liko hivi. Kwa aliyefanyiwa baipasi, kitu chenye sukari nyingi kinateremka haraka kwenye utumbo bila kuzuiliwa na tumbo. Ndani ya dakika chache moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, kizunguzungu, kisha kuharisha. Wengine wanadhani wamelogwa au wanakufa, kumbe ni juisi ya boksi na keki ya bethidei.

KILA ASUBUHI, VIDONGE

Hapa ndipo wengi wanapofeli mtihani. Kwa kuwa chakula kinaruka njia, vitamini na madini navyo vinapotea. Mtu wa baipasi anatumia vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote, pamoja na vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Hakuna mwaka wa kusema sasa nimepona, naacha.

Madhara ya kuacha hayaji kesho. B12 mwilini ina akiba inayoweza kuchukua muda mrefu kuisha, kwa hiyo mtu anajiona mzima, halafu miguu inaanza kufa ganzi, damu inapungua, kumbukumbu inachuja. Kalsiamu ikikosekana, mifupa inakuwa laini bila maumivu yoyote ya kukupa taarifa. Ndiyo maana vipimo vya damu vinafanywa kila baada ya miezi kadhaa mwaka wa kwanza, na angalau mara moja kwa mwaka baada ya hapo.

Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa si jambo la kuvumilia nyumbani kwa tangawizi. Mwili unaishiwa vitamini B1 haraka, na upungufu wake unaweza kuharibu ubongo. Hapo ni hospitali.

Kwa maveterani wa bonanza za Jumapili kuna onyo lao maalumu. Mmezoea mechi ikiisha, magoti yakiuma, mnapita duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Kwa aliyefanyiwa baipasi dawa hizo zinaweza kuchimba kidonda pale utumbo ulipounganishwa na tumbo, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Sigara inafanya kazi hiyohiyo. Muulize daktari akupe dawa nyingine ya maumivu, na mwambie kila muuza dawa kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo.

Kuna mengine yasiyoua lakini yanayovunja moyo. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, nywele hunyonyoka. Kwa wengi zinarudi zenyewe, iwapo protini na madini vinatosha. Ngozi iliyovutika kwa miaka inabaki imelegea tumboni, mikononi na mapajani, na mazoezi hayaiondoi yote. Kupungua haraka kunaweza pia kutengeneza mawe kwenye mfuko wa nyongo. Wanawake wanashauriwa wasubiri mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba.

KUREJEA MAZOEZINI

Habari njema ni kwamba mwili unaruhusiwa kusogea mapema sana. Mgonjwa anasimamishwa na kutembezwa siku ileile au inayofuata, maana damu ikiganda miguuni na donge likasafiri mpaka kwenye mapafu linaweza kuua. Kunyanyua vitu vizito kunasubiri wiki nne hadi sita. Mpira wenye kugongana unasubiri zaidi, mpaka daktari aseme.

Magoti ndiyo yanayotoa shukrani ya kwanza. Utafiti wa watu wenye maumivu ya magoti umeonyesha kila kilo moja ya mwili inayopungua inalipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua. Piga hesabu ya mtu aliyepungua kilo 30 anayekatiza kutoka Kariakoo mpaka Kwa Mkapa kwa miguu.

Lakini kutembea hakutoshi. Bila mazoezi ya kujenga misuli, sehemu ya uzito unaopotea ni nyama ya miguu na mikono. Mtu anakuwa mwembamba asiye na nguvu, anapanda ngazi za jukwaani akihema kama zamani.

DIEGO MPYA

Kwa Maradona, matokeo ya mwanzo yalikuwa ya kushangaza. Iliripotiwa kwamba alipungua takribani kilo 50. Agosti 15, 2005 akaanza kuendesha kipindi chake cha televisheni, La Noche del 10, na mgeni wa kwanza alikuwa Pelé. Wawili hao ambao walibishaniwa na dunia nzima wakapigiana mpira kwa vichwa studioni. Katika mfululizo wa kipindi hicho Maradona alimhoji hata Maradona mwenyewe, na alisafiri mpaka Cuba kumhoji Fidel Castro.

Mwaka huohuo alipewa kazi Boca Juniors kwenye kamati ya soka, akachangia kumleta kocha Alfio Basile, na timu ikabeba mataji mfululizo. Mei 2006 alikuwa Old Trafford kwenye mechi ya hisani ya Soccer Aid, akapiga penalti na kufunga. Mtu ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anapumua kwa mashine.

Ukisimamisha hadithi hapo, unapata tangazo zuri la upasuaji. Wengi wanasimamisha hapo. Wenyewe wanaouza ndoto za kupungua haraka mitandaoni wanasimamisha hapo.

2007: INI LIKAGOMA

Machi 2007 Maradona alilazwa tena Buenos Aires. Safari hii ilikuwa homa ya ini na madhara ya pombe. Aliruhusiwa Aprili, akarudishwa hospitali baada ya siku mbili. Akahamishiwa kliniki ya magonjwa ya akili inayotibu ulevi, akatoka Mei. Alipotokea televisheni alisema ameacha pombe, na kwamba madawa ya kulevya alikuwa ameyaacha kwa zaidi ya miaka miwili.

Si haki kuutwika upasuaji lawama yote hiyo. Maradona na pombe walijuana zamani. Lakini kuna jambo ambalo kila anayefikiria kisu cha tumbo anapaswa kulijua, kwa sababu madaktari sasa wanalijua vizuri.

Baada ya baipasi, pombe haikai tumboni. Inashuka moja kwa moja kwenye utumbo na kuingia kwenye damu kwa kasi. Bia mbili zinaweza kufanya kazi ya nne, na kilevi kinachukua muda mrefu kutoka. Mtu anayeendesha gari baada ya kuangalia mechi baa kwa kipimo chake cha zamani anajidanganya.

Na kuna la pili. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani 2012 uliwafuatilia watu kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Waliokuwa na tatizo la ulevi kabla walikuwa asilimia 7.6. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji idadi ilikuwa karibu ileile, asilimia 7.3. Mwaka wa pili ikapanda mpaka 9.6, na waliofanyiwa baipasi walikuwa hatarini zaidi.

Angalia muda. Mwaka wa kwanza mtu analindwa na woga, ratiba ya kliniki na furaha ya suruali kulegea. Hatari inaingia mwaka wa pili, wakati pongezi zimepungua na hakuna anayempigia simu kumuuliza ameamkaje. Maradona alilazwa miaka miwili kamili baada ya Cartagena.

Wataalamu wa afya ya akili wana maelezo yanayoeleweka. Kwa watu wengi chakula hakikuwa chakula tu. Kilikuwa cha kupozea hasira, upweke, msongo wa kazi, timu kufungwa. Kisu kinaondoa uwezo wa kula sana, lakini hasira na upweke vinabaki palepale, na sasa havina pa kwenda. Wengine wanahamia kwenye pombe, wengine kamari, wengine kwenye kununua vitu. Ndiyo maana hospitali makini haimpeleki mtu chumba cha upasuaji kabla hajakaa na mtaalamu wa saikolojia, na inaendelea kumuita hata baada ya hapo.

“UMEKONDA, UNAUMWA?”

Kwetu kuna mtihani mwingine ambao vitabu vya Ulaya haviuandiki sana. Mtu akipungua kilo 30 kwa miezi sita, mtaa unaanza kuongea. Anayekutana naye anamshika bega na kuuliza kwa sauti ya msiba: umekonda sana, unaumwa? Wengine hawaulizi, wanamaliza wenyewe kwa kunong'ona.

Kwenye shughuli, shangazi anamuona anakula vijiko vitano vya pilau anaona dharau kwa mpishi. “Ongeza mwanangu, umekula kama ndege.” Ukikataa unaonekana unaringa, ukikubali unatapika. Wapo wanaoamua kutokwenda kabisa kwenye harusi na misiba, na upweke huo ni sumu kwa mtu anayejenga maisha mapya.

Dawa yake ni kumpa siri mtu wa karibu. Si lazima mtaa wote ujue, ila mke au mume, au ndugu mmoja mwenye kauli nyumbani, ajue kwa nini sahani ni ndogo na awe mtetezi. Na wenye kufunga Ramadhani wazungumze na daktari wao kwanza, hasa mwaka wa upasuaji, maana kukosa maji mchana kutwa kwa tumbo la mililita 30 si kitu cha kufidia kwa futari moja.

Soka lenyewe halijawa rafiki wa watu wanene. Ronaldo wa Brazil alizomewa na kutaniwa kwa mwili wake miaka ya mwisho. Alipostaafu Februari 2011 alieleza kwamba ana tatizo la tezi ya shingoni, lililogundulika akiwa AC Milan, linalopunguza kasi ya mwili kutumia nishati. Waliokuwa wanacheka walidhani ni ulafi tu. Jukwaa likumbuke hilo linapomuimba mchezaji au kocha mwenye kitambi.

KILO ZINARUDI

Kwa kawaida uzito unashuka kwa kasi mpaka mwaka mmoja au mmoja na nusu baada ya upasuaji. Halafu unasimama. Baada ya hapo wengi hurudisha kilo kadhaa. Hiyo si aibu, mwili umezoea. Tatizo ni pale zinaporudi nyingi kwa sababu mtu amegundua kwamba kifuko kidogo hakizuii vitu laini: aiskrimu, chokoleti, juisi, karanga za kutafuna taratibu kutwa nzima.

Maradona alipokaa benchi la Argentina kwenye Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini, mwili ulikuwa umejaa tena kiasi. Timu yake ilitolewa robo fainali kwa kuchapwa 4-0 na Ujerumani jijini Cape Town. Novemba 2015 tumbo lake lilifanyiwa upasuaji mwingine, safari hii Maracaibo, Venezuela. Miaka kumi imepita, daktari mwingine, nchi nyingine.

Hapo kuna somo lisilohitaji digrii. Cartagena, Havana, Buenos Aires, Dubai, Maracaibo, Culiacan: maisha ya Maradona yalikuwa ya kuhamahama, na mtu wa kuhamahama hana kliniki moja inayomjua. Upasuaji huu unataka uonekane na watu walewale mwaka baada ya mwaka, wenye faili lako, wanaokupima damu na kukusoma usoni.

Maradona alifariki Novemba 25, 2020 akiwa na miaka 60, wiki chache baada ya kutolewa damu iliyoganda kichwani. Uchunguzi wa mwili ulionyesha moyo ulishindwa na mapafu yakajaa maji. Ni moyo uleule uliomlaza 2000 na 2004.

KWA HIYO UPASUAJI HAUFAI?

Unafaa, kwa anayestahili. Utafiti maarufu wa Sweden ulioanza 1987, uliofuatilia zaidi ya watu 4,000 wanene, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida. Kisukari kinatulia, presha inashuka, mtu anapumua vizuri usingizini. Hata kwa Maradona, ni vigumu kuona mtu wa kilo 120 mwenye moyo ule akifika Old Trafford 2006 au Afrika Kusini 2010 bila Cartagena.

Kosa ni kuuchukulia kama filimbi ya mwisho. Kabla hujalipa hata senti, muulize daktari maswali haya. Nani atanifuatilia mwaka wa tatu na wa tano, na wapi? Vidonge na vipimo vitanigharimu kiasi gani kwa mwezi? Kuna mtaalamu wa lishe na wa saikolojia kwenye timu yenu? Nikitapika usiku wa Jumamosi nampigia nani? Hospitali inayoyajibu bila kupepesa macho, hiyo ina benchi la ufundi kamili. Ile inayokuonyesha picha za kabla na baada tu, ondoka.

Na wewe mwenyewe jiulize moja, ukiwa peke yako: siku timu yangu ikifungwa na mtani, na siruhusiwi kula wala kunywa hasira yangu, nitaipeleka wapi? Ukishapata jibu, hata kama ni kutembea kilomita tatu na jirani wa timu pinzani, utakuwa umeanza maandalizi ambayo mchezaji bora wa dunia aliingia uwanjani bila kuyakamilisha.